Kiporo cha Soweto

Mwaka 1972 jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala ambayo, ukiivua joho lake la kisayansi, ilihusu mavi: uzito wake, na saa ambazo chakula hutumia kusafiri kutoka mdomoni hadi chooni. Waandishi walikuwa watatu. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka ishirini, na jina lake lilikuwa limeshabandikwa kwenye saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958. Neil Painter alikuwa mpasuaji wa Uingereza. Wa tatu, Alexander Walker, hajulikani sana nje ya fani yake, na ndiye anayetuhusu. Alihamia Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1930, akaingia Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Afrika Kusini, jijini Johannesburg, akashikilia swali moja kwa maisha yake yote. Kwa nini magonjwa ya utumbo yaliyojaa katika wodi za Wazungu yalikuwa nadra katika wodi za Waafrika wa jiji lilelile?

Njia yao ya kupima haikuhitaji fedha nyingi. Mtu alimeza chembe ndogo za plastiki zinazoonekana kwenye eksirei, kisha kila alipokwenda haja alitia kinyesi chake katika mfuko. Mfuko ulipimwa kwa mizani, ukapigwa picha, chembe zikahesabiwa. Wanavijiji wa Uganda walitoa karibu gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita ndani ya saa 36 hivi. Watoto wa shule za vijijini Afrika Kusini walitoa karibu gramu 275, kwa saa 34. Wanamaji wa Uingereza na wake zao walitoa gramu 104 tu, na chakula chao kilikaa tumboni zaidi ya saa 80. Zaidi ya siku tatu! Watafiti wakaiona sababu katika nyuzinyuzi, yaani zile sehemu za mmea ambazo utumbo mwembamba hauziwezi: pumba, maganda, mashina ya mboga. Palipo na nyuzinyuzi choo ni kingi, laini na chepesi. Zilikokobolewa zikatupwa, utumbo husukuma kwa taabu, na taabu hiyo ikidumu miaka huzaa maradhi.

Burkitt, Mkristo wa imani kali mwenye kipaji cha mhubiri, aliizungusha habari hiyo duniani akionyesha slaidi za choo kwa hadhira zilizocheka kwanza na kuandika baadaye. Pumba za ngano, zilizokuwa chakula cha farasi, zikapata wateja wapya madukani. Laiti mambo yangeishia hapo, sura hii ingekuwa fupi: kula dona, acha sembe, lala salama.

Lakini Soweto, mji wa Waafrika ubavuni mwa Johannesburg, ilikuwa inakula sembe.

Mswahili anaujua ugomvi wa sembe na dona. Afrika Kusini wanao huohuo kwa majina mengine: unga wa mahindi uliokobolewa kabisa, mweupe pe, huuzwa kama super, na ule uliobakiziwa pumba kidogo huitwa special. Kadiri watu walivyohamia mjini kufuata migodi na viwanda, ndivyo sufuria ya pap, ambayo ndiyo ugali wao, ilivyozidi kuwa nyeupe. Tangu Oktoba 2003 sheria imewalazimu wasagishaji kuuongezea unga vitamini na madini, chuma na foliki zikiwemo. Ni sheria njema, imekinga wengi. Pumba haikuzirudisha.

Isidor Segal, aliyeongoza kitengo cha magonjwa ya tumbo katika hospitali ya Baragwanath, aliyatazama mabadiliko haya kutoka mahali pazuri kuliko pote. Baragwanath, ambayo tangu 1997 inabeba pia jina la mpigania uhuru Chris Hani, iko Soweto penyewe na ina vitanda zaidi ya 3,000. Mwaka 1977 Segal na wenzake waliandika kwamba vifuko vya utumbo mpana, ugonjwa uliosemekana kuwa wa Wazungu peke yao, vimeanza kuonekana kwa Waafrika wa mjini. Hilo lilitazamiwa. Lisilotazamiwa lilikuja mwaka 1986, Segal alipoungana na mzee Walker: Waafrika wa Soweto walikuwa wakila nyuzinyuzi chache kuliko zamani, na bado magonjwa mengi ya utumbo yasiyotokana na vijidudu, saratani ikiwemo, yalibaki nadra kwao. Kama pumba ndiyo kinga, ni nini kilichokuwa kikiwakinga watu waliokwisha kuitupa pumba?

Walker alikuwa mmoja wa waliotia sahihi makala ya 1972. Kukubali kuandika hili la 1986 kulitaka moyo, na ndiyo maana namheshimu kuliko Burkitt, ingawa Burkitt ndiye aliyepata umaarufu.

Ili kulielewa jibu, tushuke kwenye utumbo mpana wenyewe. Baada ya utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita sita hivi, kufyonza sukari, mafuta na protini, yaliyobaki huingia kwenye utumbo mpana, mita moja na nusu ya giza pasipo oksijeni. Humo wanaishi bakteria. Mwaka 2016 watafiti wa Israeli walikokotoa kwamba mtu mzima wa wastani ana bakteria trilioni 38 hivi, idadi inayokaribiana na ya chembe hai za mwili wake mwenyewe, na karibu wote wako hapo. Kazi yao ni kuchachusha. Wakipata wanga ulioponyoka bila kumeng'enywa, huuvunja na kutoa asidi fupi za mafuta, na mojawapo, butirati, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazoutanda utumbo mpana. Seli hizo hupata sehemu kubwa ya nguvu zao kutoka kwenye mabaki ya bakteria badala ya damu. Zikishiba butirati, ukuta hukaza na seli zilizoharibika hufa kwa utaratibu badala ya kugeuka saratani. Bakteria wakikosa wanga hugeukia protini na utando wa kamasi unaoulinda ukuta wenyewe, na nyongo iliyochochewa na mafuta mengi hubadilishwa kuwa asidi zinazouchubua.

Kwa hiyo swali la Soweto lilikuwa limeulizwa upande usio wake. Haikutosha kuhesabu nyuzinyuzi zilizoingia mdomoni. Ilibidi kujua ni wanga kiasi gani unafika chini.

Hapo ndipo kiporo kinapoingia. Ugali wa moto una wanga uliovimba na kulegea, na vimeng'enya vya utumbo mwembamba huumaliza mara moja. Ukipoa, minyororo ya wanga hurudiana na kubanana kama ukili wa mkeka uliosukwa sawasawa, vimeng'enya vikakosa pa kupenya. Wanga huo hupita salama hadi utumbo mpana, na hata ukiupasha moto tena, sehemu yake hubaki imebanana. Nyumba nyingi za Soweto hupika pap jioni na kula iliyobaki asubuhi. Mwaka 2000 Segal na wenzake walichapisha jaribio lililolinganisha uji mzito wa mahindi uliotoka motoni na uliolala, kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kutobolewa tumbo ili choo kitokee pembeni, jambo lililowezesha kuchota moja kwa moja kilichomo utumboni. Uji uliolala ulitoa asidi fupi nyingi zaidi, butirati ikiwemo. Katika miaka hiyohiyo Segal alitetea hoja pana zaidi: kwamba tumbo la Mwafrika halimalizi wanga wote, na hata sukari ya maziwa huteremka bila kumeng'enywa kwa watu wazima wengi wa kusini mwa Afrika. Kile ambacho kitabu cha tiba kingekiita kasoro, yeye alikiona kuwa ulinzi.

Kinachonifurahisha hapa ni kwamba chakula cha aibu kilipata wakili. Mgeni hakaribishwi kiporo. Huliwa jikoni, mlango umefungwa.

Kiporo kilikuwa na mwenzake wa kimya: nyama na mafuta vilikuwa haba. Stephen O'Keefe, daktari wa tumbo aliyefanya kazi Afrika Kusini kabla ya kwenda Marekani, aliandika mwaka 1999 kwamba uhaba wa saratani ya utumbo kwa Waafrika unaambatana zaidi na kula nyama na vyakula vya wanyama kwa nadra kuliko na nyuzinyuzi. Kisha akafanya jaribio ambalo nadhani kila anayetangaza vidonge vya tumbo angepaswa kulisoma kwanza. Alichukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na wanavijiji 20 wa KwaZulu-Natal, akawabadilishia vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipewa mahindi, maharage, mboga na matunda, na nyuzinyuzi zao zikapanda kutoka gramu 14 kwa siku hadi 55. Wanavijiji walipewa nyama na vya kukaanga, zao zikashuka kutoka gramu 66 hadi 12 huku mafuta yakizidi nusu ya nguvu yote ya chakula. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Kwa Wamarekani, butirati iliongezeka mara mbili na nusu, na dalili za mchochota, ule mwako wa kinga ya mwili, zikapungua kwenye ukuta wa utumbo. Kwa wanavijiji butirati ilianguka hadi nusu, na ukuta wao ukaanza kuonyesha dalili zinazotangulia saratani. Wiki mbili tu.

Sasa simama Soweto au Alexandra, kitongoji kingine cha Johannesburg, saa saba mchana uone kinacholiwa. Kota ni robo ya mkate mweupe iliyotobolewa katikati na kujazwa chipsi, achari, jibini, soseji na kipande cha polony, ile nyama ya kusagwa yenye rangi ya waridi. Ni tamu, ni rahisi, na inamshikilia kibarua mpaka jioni. Simlaumu anayeila. Lakini karibu kila kitu ndani yake humalizwa kabla ya kufika chini, na mafuta ndiyo yanayokwenda kuisukuma nyongo.

Polony ina historia nyingine ambayo jiji halijaisahau. Januari 2018 watoto wa kituo kimoja cha malezi Soweto walipelekwa Baragwanath wakiharisha. Wakati huo nchi ilikuwa katikati ya mlipuko wa ugonjwa wa bakteria aitwaye listeria, ambao chanzo chake hakikuwa kimepatikana. Wachunguzi waliifuata njia ya polony iliyokuwa kwenye friji ya kituo hadi kiwanda kimoja cha Polokwane, na tarehe 4 Machi Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, akatangaza iondolewe sokoni. Waliothibitishwa kuugua walipita 1,000, na zaidi ya 200 walikufa, wakiwemo watoto wachanga wengi ambao ndio kwanza walikuwa wamezaliwa. Ni mlipuko mkubwa kuliko wote wa listeria uliowahi kurekodiwa duniani. Yanayosemwa juu ya bakteria wema yasitusahaulishe hilo. Kwa hiyo hata kiporo ninachokitetea kina masharti: kifunikwe, kipozwe upesi, kiingizwe kwenye friji usiku huohuo. Wali ni hatari kuliko ugali, maana una bakteria ambao mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Na umeme ukikatwa kwa saa nyingi, kama Johannesburg ilivyozoea katika miaka ya mgawo, kitupwe. Wanga uliobanana haumfai mtu anayetapika.

Kuna desturi nyingine ya jiji hili ambayo lazima niiseme, kwa kuwa hata sisi tunayo kwa sura nyingine. Kwa Kizulu huitwa ukuchatha: kupiga bomba la maji au dawa ya miti shamba kwa njia ya haja kubwa ili "kusafisha tumbo". Bomba hilo, spuit, linauzwa madukani, na mizizi yake inapatikana soko la dawa za asili la Faraday, katikati ya jiji. Segal aliandika juu yake mwaka 1979. Watu wenye heshima zao huifanya kila mara, hata kwa watoto. Ukweli ni kwamba utumbo mpana hauna uchafu ulioganda unaongoja kuoshwa. Ukuta wake hujibadilisha wenyewe kila baada ya siku chache. Bomba huwafagilia nje wakazi wanaolisha ukuta huo, na dawa nyingine zimewahi kuua figo za watu. Hospitali zimeshapokea waliotiliwa bomba lenye kemikali za viwandani. Kinywaji cha "detox" kinachouzwa kwa bei ya juu huko Sandton, mtaa wa matajiri wa Johannesburg, ni spuit ileile iliyovaa suti.

Vidonge vya bakteria navyo? Vina kazi katika hali chache, kwa mfano kwa baadhi ya watoto njiti walio chini ya uangalizi wa hospitali. Kwa mtu mzima mwenye afya, ushahidi ni mwembamba. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann walionyesha kwamba matumbo mengi huwakataa wageni hao, na kwamba kuvimeza baada ya antibayotiki kulichelewesha wenyeji kurudi. Vilevile utasikia kwamba tumbo hutengeneza asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kwa hiyo ukila mtindi utafurahi. Nusu ya kwanza ni kweli. Ila serotonini ya tumboni haivuki kizuizi cha damu na ubongo, na mazungumzo kati ya tumbo na akili, ambayo yapo kweli kupitia neva na homoni, hayajafikia hatua ya kuandikiwa dawa dukani.

Tunarudi Soweto, safari hii pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand (Wits). Kwa miaka mingi orodha za bakteria wa tumbo la binadamu zilijaa sampuli za Wamarekani na Wazungu wa Ulaya, pamoja na jamii chache kama Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, waliopimwa mara nyingi kiasi kwamba mtu angedhani Afrika nzima inawinda nyani na kurina asali. Mamilioni walio katikati, mama wa Soweto anayekula pap, kuku na soda, hawakuwemo. Mwaka 2022 watafiti wa Wits na Stanford walichapisha uchunguzi wa wanawake 169 wa Soweto na Bushbuckridge, wilaya ya mashambani upande wa mpaka wa Msumbiji. Matumbo ya wanawake hao hayakufanana na ya Wamarekani wala ya wawindaji. Yalikuwa njiani, ya Soweto yakiwa yametangulia kuelekea Magharibi. Januari 2025 ukafuata uchunguzi mkubwa zaidi katika jarida la Nature: wanawake 1,801 wa Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini, wakiwemo wa vitongoji vya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi. Zilipatikana jenomu mpya za bakteria 1,005 ambazo hazikuwemo katika orodha yoyote. Pia walikuta kwamba wanaoishi na virusi vya Ukimwi wana alama yao ya pekee katika mchanganyiko wa bakteria, jambo lenye uzito katika nchi kama Afrika Kusini, yenye watu wengi wanaomeza dawa za virusi hivyo kila siku.

Faida ya haya yote kwa mwili mzima imepimwa karibu zaidi na kwetu, Kilimanjaro. Watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliwashirikisha vijana wa kiume 77. Wa vijijini walipewa chakula cha kimagharibi kwa wiki mbili, wa mjini wakapewa chakula cha asili cha ndizi, nafaka, maharage na mboga, na kundi la tatu likanywa mbege, pombe ya asili ya ndizi, kwa wiki moja. Matokeo yalichapishwa Aprili 2025 katika Nature Medicine. Walioacha vyakula vyao vya asili waliongeza protini za mchochota katika damu, na seli zao za kinga zikalegea mbele ya vijidudu. Waliovirudia, pamoja na waliokunywa mbege, walipata kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Mchochota wa chini kwa chini ndio unaokaa nyuma ya kisukari cha ukubwani na magonjwa ya moyo, kwa hiyo habari hii inavuka mipaka ya choo. Kuhusu mbege naongeza tu kwamba jaribio lilikuwa la wiki moja, baa haikuwemo.

Kwa Mwafrika Mashariki aliyeko Johannesburg, nchini Bondeni kama vijana wa Dar es Salaam wanavyoiita Afrika Kusini, hakuna haja ya duka la vyakula vya afya. Rockey Street, Yeoville, ambako Kiswahili cha Bukavu hukutana na cha Kariakoo, kuna sombe (kisamvu), maharage na muhogo. Wenyeji nao wana makande yao, umngqusho, mahindi ya kupondwa na maharage. Wana morogo, mboga za majani ya porini. Mahewu, ndugu wa togwa. Ting, uji wa mtama uliochacha. Na amasi, maziwa mgando ambayo hata asiyeweza maziwa mabichi huyavumilia. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Anayehama ghafla kutoka kota hadi bakuli la maharage atajaa gesi na kuapa kwamba maharage si chakula chake, kumbe bakteria wake hawajaongezeka vya kutosha kuifanya kazi. Na anywe maji, maana pumba pasipo maji huziba.

Jambo moja haliponi kwa kiporo wala kwa togwa. Madaktari wa Johannesburg wamekuwa wakiona saratani ya utumbo mpana kwa Waafrika walio na umri mdogo kuliko wagonjwa wa Kizungu, wengine chini ya miaka 50, na mara nyingi wamechelewa kwa sababu damu waliyoiona chooni waliiita bawasiri, wakanunua marhamu dukani, au wakaisafisha kwa spuit. Damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, uzito unaopungua, upungufu wa damu kwa mwanamume au kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi: hayo ni ya kumwonyesha daktari wiki hiyohiyo, na kumwomba apime utumbo wenyewe kabla ya kuandika dawa ya bawasiri.